"The data show" au "the data shows"?

Jana baada ya magharibi binti wa ami yangu alinijia na chapta ya 4 ya tasnifu yake, tukakaa barazani hapa Amu (Lamu), yeye na laptop mimi na chai. Ameshinda miezi dikoni akiandika samaki wanaoteremshwa, tafi, changu, pono, kilo ngapi, wa mshipi au wa malema (mitego ya kusuka), na daftari lenyewe limeingia maji ya chumvi mpaka kurasa zimegandana. Kazi ya maana kabisa. Sasa sentensi ya kwanza ya matokeo yake ilikuwa "The datas shows that the catch reduced", na msimamizi wake kazungushia duara jekundu basi, hakusema kosa liko wapi, na hilo ndo lililoniuma mpaka nikaandika hapa maana duara halimfundishi mtu.

"Dada, si data ni nyingi? Mbona nikitia s inakuwa kosa?"

Nikamwambia mdogo wangu, neno hilo ni la Kilatini na limeshakuja na wingi wake, umoja ni datum, yaani kitu kilichotolewa, kwa hiyo s haina pa kukaa. Ni kama samaki kwetu, mmoja ni samaki na mia ni samaki, kitenzi ndo kinakwambia, samaki ameoza, samaki wameoza. Na "a data" pia hamna, kama ni moja andika "a data point".

Sasa show au shows, hapo wenye lugha yao wamegawanyika. Mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambao vyuo vingi vinaufuata, unataka wingi, "the data show", "these data were collected". Magazetini na kwenye mambo ya kompyuta umoja umeshazoeleka, na bando la simu likiisha hakuna anayesema "my data are finished". Kwa tasnifu mi nasema shika wingi, isipokuwa chuo chako kimesema vingine. Ukisahau, toa data tia figures: "the figures show", basi "the data show". Kibaya ni kuchanganya, huku "this data was" huku "these data were", au mbaya zaidi "these data was".

Lakini tulipokaa sana si hapo. Alipoelewa tu akaanza kufyeka s kila mahali, akafika kwenye "The analysis of the data shows" akataka kuifuta na hiyo. Nikamshika mkono, nikamwambia hebu iseme Kiswahili kwanza.

"Uchambuzi wa data unaonyesha."

Kwa nini unaonyesha na si zinaonyesha? Akafikiri kidogo, akasema kwa sababu uchambuzi ndo unaoonyesha. Basi ndo hivyo hivyo, analysis ni moja, shows inabaki na s yake, na "a set of data shows" ni njia hiyo hiyo. Upatanisho tunao vinywani tangu tunanyonya, ila tukishika Kiingereza tunahesabu neno lililo karibu na kitenzi badala ya kuuliza nani mwenye kitendo.

Halafu mbele kaandika "the data prove" kwamba wakati wa kusi samaki wanapungua baharini. Hapo sarufi ilikuwa sawa, maneno ndo yamezidi. Kusi likivuma bahari inachafuka, vidau vidogo havitoki, na daftari lake limeandika walioteremshwa dikoni, si walioko majini! Prove ni neno zito mno kwa daftari la diko moja. Nikamuuliza, wewe umeona nini hasa? Akafungua kurasa zile zilizogandana taratibu asizichane, akasoma kilo za mwezi hadi mwezi, akaandika mwenyewe:

"The data show that landings were lower during kusi, when many small boats stayed ashore."

Sikugusa hata nukta.