Bawaba za kabati kushika kutu, tena Dodoma

Ndugu zangu wa Tanga wakisikia kabati langu la jikoni hapa Nkuhungu limeshika kutu wanacheka. Kutu mji wa vumbi na upepo, itoke wapi? Ilitoka chini ya sinki. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, sufuria ya kuchemshia inabaki na utando mweupe. Kiungio cha bomba kilikuwa kinadondosha tone tone, na pembeni yake ndipo inapokaa chupa ya dawa ya madoa yenye klorini, kifuniko nusu wazi. Chuma kikipata maji na hewa kinashika kutu. Chumvi na mvuke wa klorini vikiongezeka, kinaliwa haraka zaidi. Milango ya juu ina bawaba zilezile na haina hata doa.

Kwa hiyo nilianza na bomba: tepu mpya, nikakaza. Kusugua kutu huku maji yanadondoka ni kutwanga maji kwenye kinu.

Skrubu moja iligoma. Niliidondoshea mafuta ya taa nikaiacha mpaka jioni, bisibisi ikaizungusha bila kula kichwa. Bawaba nikazilaza kwenye siki nyeupe usiku kucha, ndani ya kopo la plastiki. Chupa ya klorini nilishaitoa nje kabla sijafungua siki, maana vikichanganyika vinatoa gesi ya sumu. Asubuhi siki ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na kutu ikatoka kwa mswaki mkuukuu. Msasa niliuacha kabatini. Bawaba hizi zina tabaka jembamba la nikeli, ukilikwangua umeifungulia kutu mlango. Vidoa vyeusi vilivyobaki havinisumbui.

Nikazisuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, nikazifuta, nikazianika. Kwa kukausha, jua la Dodoma halina mpinzani.

Jirani yangu akachungulia: "Pakaa alizeti tu mwanangu, si ipo ndani?" Nikamwambia, "Asante mama, hiyo tuachie mboga." Mafuta ya kupikia yakikaa hewani yanaganda na kunata, na kwa vumbi letu bawaba ingekuwa tope. Kwenye maungio nilitia mafuta ya cherehani, nikafuta yaliyozidi. Sehemu za nje nikapaka mafuta ya mgando, kiasi cha kung'aa tu.

Ubao ulikuwa umevimba na matundu ya skrubu yamelegea. Njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao zikayajaza, nikaacha zikauke ndipo nikafunga.

Bawaba moja ilikuwa imeliwa mpaka tundu la skrubu limetatuka. Hiyo sikuihangaikia. Niliibeba mkononi mpaka dukani Majengo, tulinganishe ile duara inayozama kwenye mlango. Nyingi ni milimita 35, lakini ndogo zipo pia, na ukinunua kwa kukadiria utarudi tena.