Kisanduku cha mwisho kwenye andalio la somo

Jumapili jioni, Julai

Shule za sekondari zinafungua muhula wa pili na wanachuo wa ualimu wameshaanza kusambaa mikoani, barua ya utambulisho ndani ya bahasha ya kaki, godoro kwenye buti la basi. Wa Mlimani, wa Chang'ombe, wa Mkwawa kule Iringa, wa Dodoma, wote wanakwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, au kama wanavyosema wenyewe bwenini, wanakwenda fildi. Ndani ya shahada ya miaka mitatu, hizi wiki chache ndizo pekee ambazo mwanachuo anasimama mbele ya watoto ambao kweli hawajui jibu. Lile zoezi la chuoni la kufundishana kwa dakika kumi lina faida yake, hasa kwa sauti na ubao, lakini halifiki hapo. Mwenzako wa mwaka wa pili anaijua ngeli ya A-WA tangu zamani. Anakuitikia ili umalize, naye apate zamu yake.

Nimetafakari sana kwa nini wawili wanaotoka darasa moja la chuo, wakapangwa shule moja, mmoja anarudi ameiva na mwingine anarudi na alama tu. Jibu langu kwa sasa ni hili: tazama sehemu ya chini kabisa ya andalio la somo, ile karatasi ya mpango wa kipindi, pale penye tathmini na maoni. Pale ndipo mtu anapojifunza kufundisha, na ndipo panapojazwa kwa haraka kuliko sehemu nyingine yoyote.

Nianze juu ya karatasi kwanza, maana chini hakujazwi vizuri kama juu kumeharibika.

Juu kuna tarehe, darasa, kipindi, muda, na idadi ya wanafunzi: waliosajiliwa, waliohudhuria, wavulana, wasichana. Idadi ya waliohudhuria huandikwa ukiwa darasani, siyo usiku unapoandaa. Andalio linaloonyesha watu 44 kila siku kwa mwezi mzima limetungwa mezani, na msimamizi yeyote mzoefu huligundua kabla hata hajakaa. Halafu linakuja lengo mahususi, na hapa kitenzi ndicho kila kitu. "Mwanafunzi aelewe ngeli za nomino" halipimiki, kwa sababu hakuna anayeuona uelewa. "Kufikia mwisho wa kipindi cha dakika 40, kila mwanafunzi aweze kutunga sentensi moja sahihi kwa kila ngeli kati ya A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I na I-ZI" linapimika, kwa sababu sentensi tano zinaweza kusomwa na kuhesabiwa. Ukiandika lengo la namna hii, tayari umeshajiandikia swali la mwisho wa kipindi.

Angalizo kuhusu muundo wenyewe: tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, majina ya hatua za somo kwenye andalio hayafanani kwa madarasa yote. Usibebe fomu ya kaka yako aliyemaliza chuo miaka mitano iliyopita. Siku ya kwanza shuleni mwombe mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, fomu inayotumika kwa kidato utakachopewa, na muhtasari wa somo husika.

Sasa dakika. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na anayeanza karibu kila mara hupangia kazi ya dakika 60. Chukua vikundi. Chuoni tumefundishwa, na kwa haki kabisa, kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kujadiliana. Basi mwalimu mwanafunzi anagawa darasa la watu 48 kwenye vikundi 8 vya watu 6, anawapa dakika 10 wajadili, kisha kila kikundi kiwasilishe kwa dakika 3. Uwasilishaji peke yake ni dakika 24. Jumlisha 10 za majadiliano na 5 za utangulizi, umefika 39, na hujahesabu madawati yanayosogezwa wala daftari linalotafutwa. Matokeo yake kengele inagonga kikundi cha tano kikiwa mbele, vitatu vimebaki bila kusema, na hakuna aliyepimwa.

Dawa yake haihitaji kuacha vikundi. Waache wakae walipo, walio kwenye dawati moja wafanye kazi wawili wawili au watatu watatu kwa dakika 6. Chagua majibu mawili tu ya kuwasilishwa, moja sahihi na moja lenye kosa ambalo umeliona ukizunguka, bila kumtaja aliyelifanya. Waulize wengine wanaongeza nini au wanapinga nini. Hapo dakika 15 zinatosha kwa kazi yote, na mjadala unakuwa wa kweli kwa sababu kuna jambo la kubishania.

Ubao ugawe mara tatu kwa mstari hafifu wa chaki. Kushoto weka tarehe, mada na istilahi mpya ambazo hazifutwi mpaka mwisho, katikati weka maelezo, kulia fanyia mifano ya kufuta. Bango la manila liandikwe kwa kalamu nene, kisha libandike na uende ukasimame nyuma ya dawati la mwisho. Kama wewe mwenyewe unakodoa macho, mtoto wa nyuma ameshaacha kusoma.

Tuje kwenye swali lililozoeleka kuliko yote darasani: "Tumeelewana?" Darasa zima linajibu kwa sauti ya pamoja, "Ndiyooo, mwalimu!" Jibu hilo ni adabu tu. Kwa masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza hali ni ngumu zaidi, hasa kidato cha kwanza, ambako wengi wametoka shule za msingi walizosoma kwa Kiswahili. Huko ukimya na "ndiyo" ya pamoja ni njia ya kujificha, na mwalimu mgeni anaweza kufundisha wiki tatu nzima juu ya ukimya huo akidhani mambo yanakwenda.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni robo karatasi. Kata karatasi ya A4 mara nne. Darasa la watu 44 linahitaji karatasi 11. Zikibaki dakika 6, gawa vipande, andika ubaoni kazi moja inayotokana moja kwa moja na lengo mahususi, wape dakika 4 waandike kimya bila jina, kisha zikusanywe kwa mstari. Ofisini zipange mafungu matatu: sahihi, nusu, na kosa. Kupanga vipande 44 huchukua muda mfupi kuliko kusahihisha madaftari matano. Usifanye hivyo kila kipindi, utachoka na karatasi zitaisha. Kila mada ndogo mara moja inatosha. Siku nyingine zunguka usome madaftari kumi, mawili kutoka kila mstari, wa mbele na wa nyuma, siyo ya wale wanaonyoosha mikono.

Sasa ndipo tunarudi chini ya andalio. Tathmini ninazokutana nazo mara nyingi ni hizi: "Somo lilieleweka vizuri." "Wanafunzi walishiriki kikamilifu." Na kwenye maoni: "Juhudi ziendelee." Hazisemi kitu, na zingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuingia darasani. Linganisha na hii, tuseme kwa somo letu la ngeli:

"Waliohudhuria 44. Waliotunga sentensi tano sahihi 29. Waliokosea 15, na 12 kati yao kosa ni moja: wameandika 'kifaranga kimekufa', 'kipofu kimevuka barabara'. Wanaangalia KI ya mwanzo wa nomino, hawaangalii kama kinachotajwa ni kiumbe hai. Sababu: mifano yangu yote ya A-WA ilianza na M-, mtu, mtoto, mkulima."

Na maoni: "Kipindi kijacho dakika 10 za mwanzo: kifaranga, kijana, kipofu, kiboko kwenye sentensi. Waanze na kitenzi, kisha ndipo wataje ngeli."

Mistari michache tu, lakini ndani yake kuna hesabu, kosa lenyewe kama lilivyoandikwa na mtoto, chanzo chake, na hatua ya kesho. Chanzo kipo upande wa mwalimu, na kimeandikwa wazi bila kujilaumu. Mtu akiandika namna hii kwa muda wote wa BTP, anatoka na ujuzi wa kuona kosa linatoka wapi, na ujuzi huo hakuna mhadhara wa saikolojia ya elimu utakaompa, hata ukiwa mzuri namna gani. Mhadhara unakupa majina ya mambo. Robo karatasi 44 zinakuonyesha yakitokea.

Muda wa kuandika ni uleule ukitoka darasani, kabla ya chai na kabla ya stori za ofisini. Ukisubiri jioni, kosa la "kifaranga kimekufa" limeshageuka kuwa "baadhi hawakuelewa". Kama una vipindi viwili mfululizo, andika maneno matatu kwenye kona ya andalio, utayakamilisha baadaye.

Maoni hayo yakiwa ya kweli, hati nyingine zinajipa zenyewe. Shajara ya somo, yaani kumbukumbu ya vipindi, inajazwa kilichofundishwa kweli, azimio la kazi, yaani mpango wa mada kwa muhula, linapata maelezo kwa nini mada ya vipindi 4 imekula 6. Azimio halipaswi kufuatwa kama treni. Linaporukwa sababu iandikwe, kwa sababu mwalimu mwenyeji ndiye atakayeendelea na darasa hilo, na anahitaji kujua umeliacha wapi.

Kuhusu msimamizi kutoka chuoni: huja mara chache, mara nyingi bila taarifa, na hukaa nyuma na fomu yake. Ushauri wangu ni kumkabidhi faili lote, siyo andalio la siku hiyo peke yake. Msimamizi makini atafungua maandalio ya wiki iliyopita atafute kama maoni ya Jumanne yameingia kwenye utangulizi wa Alhamisi. Na baada ya kipindi, akikaa nawe kwa mrejesho, usijitetee kwanza. Chukua kalamu, andika anachosema, kisha uliza swali moja mahususi: "Mwalimu, pale kwenye zoezi la mwisho, ungelifupisha wapi?"

Jambo moja halivumiliki, nalisema kwa uzito wote. Mwalimu mwanafunzi asishike fimbo. Kwa kanuni za mwaka 2002, viboko visizidi vinne, na wa kuvitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwanachuo hayumo. Mwaka 2016, video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya ilienea nchi nzima, na ilimuumiza kila anayeipenda kazi hii. Darasa likikushinda, mwite mwalimu wa zamu au mwalimu wa darasa. Na mara nyingi, ukisoma andalio la kipindi kilichovurugika, utakuta walikaa dakika 15 bila kazi ya kufanya.

Kwa upande wa fedha nitasema kidogo. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wana kifungu cha mafunzo kwa vitendo, ila usipange chumba kwa kutegemea siku kitakapoingia. Weka akiba ya nauli, chakula cha wiki mbili za mwanzo, manila tano na rimu nusu ya karatasi. Chaki shule inatoa.

Wiki ya mwisho fanya makabidhiano. Mpe mwalimu mwenyeji orodha ya alama za majaribio uliyotoa, shajara iliyojazwa mpaka siku ya mwisho, na ukurasa mmoja wenye mambo mawili matatu uliyoyaona kwenye darasa: nani hasikii vizuri na akae mbele, kundi gani bado linakosea wapi, mada gani imebaki nusu. Madaftari yote yarudishwe yakiwa yamesahihishwa. Fomu za tathmini zigongwe muhuri wa shule kabla mkuu wa shule hajasafiri, maana mwezi Septemba vikao ni vingi na muhuri hufungiwa kabatini.