Kijana ana jina, na ana mtu

Mimi ni mlezi wa bweni la vijana wachezaji, huku Mbagala. Naamsha watu saa kumi na moja alfajiri, nasimamia uji, nahesabu jezi zikitoka kufuliwa, na usiku nasikiliza. Watu wanadhani shida kubwa ya watoto hawa ni njaa. Njaa ya ugali naimudu.

Kuna mmoja hapa, bao lake la UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, limesambaa WhatsApp, sasa hana pa kupita. Katoka Kasulu. Alipofika, wenzake walikuwa wakimwigiza lafudhi yake ya Kiha kila akifungua mdomo, mpaka akawa haongei kabisa mezani. Leo wale wale wanamvutia kiti. Bodaboda wanamkatalia nauli yake. Na katikati ya kelele zote hizo, mtoto kapenda. Ni binti wa mama anayeuza vitumbua nje ya geti letu, wa kidato cha tatu kama yeye. Wanaongea, wanacheka, basi. Nimeshakaa na mama wa binti, tumelizungumza kama wazazi.

Viongozi wanataka anyang'anywe simu na asitoke getini mpaka msimu uishe. Kikao ni Jumamosi, na mimi nakwenda kumtetea. Nakwenda na kisa cha Pelé, yule mwanasoka wa Brazil.

Simsemi Pelé mfalme. Namsema Edson wa 1956, yule ambaye nyumbani kwao Bauru walimwita Dico. Alikuwa na miaka 15 kocha wake, Waldemar de Brito, alipompeleka klabu ya Santos, na ndiyo kwanza avae suruali ndefu. Akawekwa kulala na wachezaji wengine chini ya majukwaa ya uwanja, kati ya wanaume wazima wenye majina. Siku moja alikosa penalti kwenye mechi ya vijana. Aibu ikamshinda, akaona afadhali arudi kwa mama. Alfajiri akafunga mzigo wake, akatoka kimya kimya. Mfanyakazi wa klabu aliyeitwa Sabuzinho akamwona, akamrudisha ndani.

Hapo ndipo ninapokaa sana. Miaka miwili tu baadaye mtoto yule alikuwa bingwa wa dunia, na kati ya kuondoka na kubaki alisimama mtu wa kazi ndogo aliyekuwa macho saa ambayo viongozi wamelala. Mimi nazijua saa hizo. Wengi wanaofungasha hawafungashi kwa sababu ya msichana. Wanafungasha kwa upweke.

Tukija Kombe la Dunia la Sweden mwaka 1958, viongozi wa Brazil walikuwa na hofu ile ile ya viongozi wangu. Hoteli waliyofikia ilikuwa Hindås, na daktari wa timu aliomba wafanyakazi wa kike waondolewe, wawekwe wanaume. Walikuwa hata na mwanasaikolojia, João Carvalhaes, aliyetoa ushauri kwamba Pelé bado ana utoto mno, asichezeshwe. Kocha Vicente Feola hakumsikiliza. Goti la kijana lilipopona akampanga dhidi ya Umoja wa Kisovieti.

Na pamoja na ulinzi wote ule, kijana wa miaka 17 akakutana na msichana wa Kiswidi, Ilena. Yeye Kireno, binti Kiswidi, hawakuwa na lugha moja ya kuelewana. Je, alipotea? Aliifunga Wales bao pekee la robo fainali, akaifunga Ufaransa matatu, kisha mawili kwenye fainali ya tarehe 29 Juni, Brazil 5, Sweden 2. Mwisho wa mechi alilia mikononi mwa kipa Gilmar, na ukiitazama picha ile unaona mtoto.

Aliporudi nyumbani ndipo dunia ilipomkalia kooni. Alimpenda Rosemeri, msichana wa Santos aliyemwona kwenye mchezo wa kikapu, na wakakaa miaka bila kutaka magazeti yajue. Sinema walikwenda hivi: Rosemeri anatangulia na shangazi yake, taa zikizimwa ndipo Pelé anaingia na kukaa kando yake. Walioana Februari 1966. Ndoa ilikuja kuvunjika, sifichi hilo. Lakini huyo shangazi! Hakumfungia binti ndani, wala hakumwachia njia. Alikwenda naye, akakaa pale pale.

Juzi nilimuuliza kijana wangu, huyu binti ana nini hasa. Akainamia sahani muda mrefu. Akasema, "Mama, hajawahi kuniuliza habari za lile bao. Ananiuliza Kasulu kukoje." Nilishindwa kuendelea kumhoji.

Hofu ya viongozi naielewa. Shule ni shule, na mimba kwa mtoto wa kidato cha tatu ni maisha ya watu wawili. Ila mtu aliyenitisha mwezi huu si binti wa vitumbua. Ni yule bwana aliyekuja na viatu vipya na karatasi ya kusaini, bila kumpigia simu mzazi hata mmoja. Yule alikaribishwa soda ofisini.

Kwa hiyo Jumamosi nitaomba mambo haya. Simu ikae kwangu wakati wa mazoezi na usiku, na mchana wa Jumapili aipate aongee na nyumbani. Kila Jumapili jioni aruhusiwe kukaa nje ya geti pale kwa mama vitumbua, mama mwenyewe akiwepo, nami nitakuwepo. Na asisaini kitu mpaka baba yake afike kutoka Kasulu. Nauli ya baba nimeanza kuichangisha kwa wazazi wa hapa mtaani, na mama wa binti ndiye aliyetoa wa kwanza.