Barnaba Alimchukua Marko

Somo: Matendo ya Mitume 15:36-39

Ndugu wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Marko aliacha katikati safari ya kuhubiri Injili pamoja na Paulo na Barnaba. Walipofika Pamfilia aliachana na wenzake akarudi Yerusalemu, na Maandiko hayatuambii sababu. Ilipopangwa safari ya pili, Paulo hakutaka kumsikia. Barnaba akang'ang'ana. Wakashindana hadi wakatengana, Barnaba akamchukua Marko, wakapanda merikebu kwenda Kipro. Baadaye Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa utumishi (2 Tim 4:11).

Mimi husimama kwenye ule ugomvi. Barnaba alikubali kumpoteza mwenzake wa kazi kwa ajili ya kijana asiye na cha kujitetea.

Hapa Bagamoyo akina Marko tunao. Kijana wa Dunda alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta masomo yamegeuka Kiingereza. Kidato cha pili akafeli, akaona haya kukariri darasa na wadogo zake. Leo yuko ufukweni anavuta nyavu. Binti wa jirani alipata ujauzito, akakaa nyumbani. Ada ilifutwa tangu 2016 hadi kidato cha nne katika shule za serikali, na Novemba 2021 serikali iliruhusu walioacha masomo, wakiwemo waliojifungua, warudi shuleni. Mlango uko wazi. Lakini binti anayenyonyesha hathubutu kwenda peke yake ofisini kwa mkuu wa shule; anahitaji mtu mzima wa kukaa naye kwenye benchi akisubiri kuitwa. Umri ukiwa umepita, anahitaji wa kumweleza kwamba kuna Mtihani wa Maarifa kwa walio nje ya shule, ule tunaouita QT, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Ndiyo kazi ya walezi wa kujitolea: mwalimu mstaafu, muuguzi, mwanachuo aliye likizo. Jioni wanapitia hesabu na Kiingereza na watoto watatu wanne, na asiyeonekana wanampigia simu mama yake. Hilo la simu nalithamini kuliko hesabu zenyewe. Mtoto akijua atatafutwa, hata siku ya kukata tamaa hujikuta amekuja.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni hapa 1868, watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kusoma, useremala na kilimo. Kukombolewa tu kusingetosha. Lazima apatikane wa kukaa na mtoto siku hadi siku. Kuchangia sare na madaftari ni jambo jema, wapendwa, lakini michango hatujawahi kushindwa. Tunachokibania ni muda wetu.

Wiki hii kila jumuiya iulizane: nani mtaani kwetu aliacha shule? Mchagueni mmoja wenu wa kumwendea. Siku ya kwanza asihubiri. Amuulize aliishia wapi, aombe kuona madaftari yake, na wapange siku ya kwenda shuleni pamoja.