Kumfuata Chatu kutoka Meserani hadi Bujora

Basi la Arusha kwenda Mwanza kwa njia ya Singida linapita kwenye nchi ya nyoka kwa sehemu kubwa ya safari. Wasafiri wengi hawalijui hilo kwa sababu wanalala. Mimi niliamua kuikata safari hiyo vipande vipande, nishuke kila panapohusu nyoka, hasa chatu, hadi nifike Bujora kwa Wasukuma wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma inayoanza baada ya sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni. Nimekulia Kilosa. Huko nyoka akionekana anauawa kwanza, halafu ndio watu wanaulizana alikuwa nyoka gani. Nimeshuhudia chatu akikatwa mapanga kwenye mfereji wa maji, na waliomkata wakapigiwa makofi. Nilitaka kuwaona watu wanaomshika chatu huyohuyo kwa mikono, kizazi baada ya kizazi.

Kituo cha kwanza kilikuwa Meserani, kilomita kama 25 kutoka Arusha, barabara ya Dodoma. Pana bustani ya nyoka iliyoanzishwa mwaka 1993, na pembeni yake zahanati inayowahudumia Wamasai wa vijiji vya jirani. Niseme wazi, zahanati ile ilinigusa kuliko nyoka wenyewe. Watu wanaokuja pale na jeraha la nyoka ni wachungaji, watoto waliotumwa kuni na akina mama waliokanyaga gizani wakitoka nje. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa ajili hiyo. Idadi kubwa namna hiyo, na bado kijijini tunategemea jiwe jeusi na wembe.

Kijana aliyenitembeza alisimama kwenye kioo cha koboko. Nilitegemea kuona nyoka mweusi, kumbe ngozi yake ni ya kijivu iliyofifia. Weusi uko ndani ya kinywa, na alipokifungua nikauona, mweusi tititi. Kwenye chumba cha pili kulikuwa na kifutu, amelala kama bonge la nguo chafu lililosahauliwa.

“Huyu ndiye anayetuumiza zaidi, dada,” aliniambia. “Koboko akikusikia anaondoka. Kifutu haondoki. Anajiamini kwamba hujamwona, na kweli unakuwa hujamwona.”

Nikamuuliza mtu afanye nini akiumwa. Alijibu harakaharaka, kama mtu aliyechoka kurudia lakini haachi kurudia: usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usipake dawa yoyote. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Kiungo kitulie, kifungwe na ubao kama aliyevunjika mfupa, mgonjwa asitembee akiweza kubebwa, na safari ya hospitali ianze hapohapo. Kama ni swila amekutemea machoni, osha kwa maji mengi safi, muda mrefu, halafu hospitali. Kamba anaikataza kwa sababu sumu ya kifutu inaharibu nyama, na ukiifungia sehemu moja unaipa nafasi ya kuiozesha sehemu hiyo. Alinionyesha kwa kidole kwenye mkono wake mwenyewe mahali ambapo mtu hukatwa. Nimeyaandika haya yote kwa urefu kwa makusudi, maana msomaji mmoja huenda atayahitaji kabla ya mwaka kuisha.

Kutoka Meserani nilipanda gari hadi Makuyuni, kisha Kwa Kuchinja, na kesho yake nikaingia Tarangire na dereva mwongozaji. Watu huenda Tarangire kwa ajili ya tembo na mibuyu, na ni haki yao. Mimi nilimwomba tuende moja kwa moja kwenye bwawa la Silale, kwa sababu chatu wa huko wana sifa ya kupanda miti.

Tulizunguka asubuhi nzima. Macho yangu yalikuwa yanatafuta nyoka kama nilivyozoea kumwona, kitu kirefu kinachotambaa. Dereva akapunguza mwendo, akaniambia, “Dada, usitafute nyoka. Tafuta tawi nene mahali ambapo hapapaswi kuwa na tawi nene.”

Nikaliona. Juu ya mgunga, pale shina linapogawanyika, palikuwa na uvimbe wa kahawia na mabaka, umejikunja mara nyingi hata sikuweza kujua unaanzia wapi. Mabaka yale ukiyatazama dukani kwenye picha unaona yanang’ara. Mtini, jua likipita katikati ya majani, yanapotea kabisa. Kitu pekee kilichomsaliti kilikuwa kichwa, na ile alama nyeusi yenye umbo la ncha ya mkuki utosini. Dereva alizima injini. Kwa maelezo yake, chatu wanapanda kuota jua na kukwepa majani yenye maji. Tulikaa pale hadi gari jingine likaja, na abiria wake, wanafunzi wa shule kutoka Babati, wakaanza kupiga kelele kwa furaha. Chatu hakujigusa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nyoka hutaga akaenda zake. Wengi hufanya hivyo. Chatu wa Afrika hafanyi hivyo. Jike hutaga mayai kwenye shimo, mara nyingi lililochimbwa na mhanga, na huyazungushia mwili wake. Watafiti wa Afrika Kusini walioweka kamera mashimoni waligundua, na matokeo yakatoka mwaka 2018, kwamba jike hugeuka rangi na kuwa karibu mweusi wakati wa uzazi, hutoka nje kuota jua mpaka joto la mwili linakaribia nyuzi 40, kisha hurudi kuyakumbatia mayai kwa joto hilo. Vifaranga wakishaanguliwa, hukaa nao kwa takriban wiki mbili zaidi, wakilala usiku ndani ya mikunjo yake. Muda wote huo hali chakula. Yule niliyemwona akikatwa mapanga Kilosa alikuwa mweusi mweusi. Nilikumbuka rangi yake dereva aliponieleza habari za utafiti huo, nikashindwa kuongea kwa muda.

Jioni hiyo, kwenye kambi tuliyolala nje ya lango, kifutu alikutwa kwenye njia ya jikoni. Mpishi alipiga yowe, vijana wawili wakaja na rungu. Mlinzi, mzee wa Kimasai, aliwazuia kwa mkono mmoja bila kupandisha sauti. Alimmulika nyoka kwa tochi, akawataka wote warudi nyuma, halafu akamtuma mtu amwite dereva wangu, ambaye ana ndoano ndefu ya chuma ya kushikia nyoka kwenye gari. Nilisimama mbali lakini niliweza kuona kwa tochi: mwili mnene, mfupi, alama za pembe kama mishale mgongoni, na pumzi zake zikitoka kwa sauti, anavimba na kunywea. Dereva alimnyanyua kwa ndoano, akamtia kwenye ndoo yenye mfuniko, akampeleka mbali porini kwa gari. Yule mpishi alisema angependelea auawe, kwa sababu ana watoto. Siwezi kumlaumu. Kifutu jike huzaa watoto hai, makumi kwa mara moja, na mmoja aliyetoka Kenya alizaa 156 akiwa kwenye bustani ya wanyama huko Czechoslovakia. Lakini kambi yenye nafaka na mabaki ya chakula ni kambi yenye panya, na panya ndio wanaomleta kifutu. Asubuhi mpishi huyohuyo alikuwa anahamisha magunia ya mahindi kutoka ukutani na kufyeka majani njiani. Hiyo ndiyo kazi inayosaidia.

Safari ya Babati, Singida, Nzega hadi Shinyanga haina mengi ya kusimulia isipokuwa mama mmoja aliyepandia Nzega akakaa karibu yangu. Aliposikia naenda Bulabo kwa ajili ya chatu alicheka kwa furaha. “Kwetu akiingia kwenye zizi la mbuzi hatukimbilii panga, mwanangu. Tunamwita mwenye kazi yake.”

Wenye kazi yao ni Bayeye, chama cha wachezaji na washika nyoka wa Kisukuma. Zamani walikuwa waganga wa nyoka hasa: wanajua dawa, wanajua tabia, na ujuzi huo haukutolewa kwa mtu ambaye hajaingia chamani. Ngoma nyingine za Wasukuma zimegawanyika kwenye pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, zinazobeba kumbukumbu ya waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliopimana nguvu za dawa. Mpaka leo mashindano ni hayohayo. Ngoma mbili zinachezwa kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Ndiyo maana kuna chatu. Chatu anavuta watu.

Kutoka Mwanza nilipanda daladala hadi Kisesa, halafu bodaboda hadi juu Bujora, kati ya mawe makubwa ya huko. Makumbusho ya Bujora yalianzishwa miaka ya 1950 na padri Mkanada, David Clement, na kanisa lake limejengwa kwa alama za utawala wa Kisukuma. Nilipita humo haraka, kwa sababu ngoma ilikwisha kuanza.

Vumbi, filimbi, watu wamepanda juu ya miti. Katikati ya duara mchezaji mmoja alikuwa amemvaa chatu shingoni, akimzungusha, akimlaza chini, akimwinua tena. Baadaye nilimfuata nyuma ya uwanja, kwenye kivuli, ambako mzee mmoja ndiye alikuwa anamtunza.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo, shika huku nyuma. Kichwa niachie mimi.”

Nilishika. Nilidhani atakuwa baridi na mwenye utelezi, lakini alikuwa mkavu, laini, na mwenye nguvu zinazotembea chini ya ngozi, msuli mmoja ukikabidhi kazi kwa mwingine. Mzee alinionyesha vitu viwili. Kwanza, karibu na mkia, pande zote mbili, vikucha vidogo vigumu: ni masalia ya miguu ya nyuma. Pili, kwenye mdomo wa juu, karibu na pua, vijishimo ambavyo chatu hutumia kuhisi joto la windo gizani. “Ndiyo maana usimshike umetoka kushika kuku,” alisema. “Atahisi joto la mkono, atasikia harufu ya kuku, atafanya kosa.” Akishakula, haguswi kwa siku nyingi, maana akisumbuliwa anatapika na kutapika kunamdhoofisha. Asiyeelewa hilo, kwa maneno ya mzee, anamuua chatu huku anadhani anamlea.

Hapo nikamweleza habari ya binamu yangu aliyeko Marekani. Mwanawe anataka chatu nyumbani, wale wadogo wa Afrika Magharibi wanaojikunja mviringo wakiogopa. Wanauzwa madukani huko. Asili yao ni nchi kama Ghana, Togo na Benin, na kwa miaka mingi wamekuwa wakikamatwa na kusafirishwa kwa wingi mno. Mzee aliuliza swali moja tu: “Mtoto huyo atakaa nyumbani miaka 30?” Ni swali la haki, kwa sababu chatu hao wanaweza kuishi hivyo. Nilimwandikia binamu usiku ule kwamba kama hawezi kujibu ndiyo, asinunue. Na kama akinunua, awe aliyezaliwa kwa wafugaji, si aliyetolewa porini kwetu.

Kuhusu chatu wakubwa wa Afrika msimamo wangu ni mkali zaidi. Hawafai kuwa ndani ya nyumba ya watu. Mwaka 2013 huko Campbellton, Canada, chatu wa aina hiyo alitoka kwenye banda lake, akapita kwenye njia ya hewa, akawaua watoto wawili waliokuwa wamelala. Florida, chatu, hasa wa Burma, waliotoroka au kuachiwa na wafugaji wamekuwa janga la wanyama wa huko, na mwaka 2012 Marekani ikapiga marufuku kuingiza chatu wakubwa wa Afrika. Kwetu Tanzania, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumchukua mnyamapori na kumfuga bila kibali, na naiunga mkono kwa moyo wote. Chatu wa Bayeye nyuma yake kuna chama kizima, wazee, miiko na mafunzo. Chatu wa sebuleni ana mtu mmoja ambaye akisafiri hakuna anayejua hata ale lini.

Jua lilipoanza kushuka umati ulikuwa umegawanyika karibu sawa. Nilirudi Mwanza kwa daladala iliyojaa wachezaji na mashabiki, ngoma zimefungwa juu ya paa. Kutoka Kisesa hadi Igoma hakuna aliyenyamaza.

“Upande wenu mmeshinda kwa sababu ya chatu, si kwa kucheza!”

“Basi mwakani na nyinyi mleteni wa kwenu.”

“Tutamleta. Na atakuwa mkubwa kuliko huyo.”

“Mleteni. Lakini mje na anayejua kumshika!”