Nimepata besi yangu ya kwanza!
Jamani wiki nzima nazunguka Kariakoo natafuta gitaa la besi, leo nimelipata, nyuzi nne, la mtumba lakini zima kabisa. Kabla sijalipa nililiinua usawa wa jicho nikachungulia shingo kama imenyooka, halafu nikapiga freti (vile vyuma vilivyokatiza shingoni) moja moja, maana shingo ikipinda nyuzi zinakwaruza na vidole vinaumia bure. Wenye mikono midogo ulizieni la inchi 30 (urefu wa uzi unaopigwa, si gitaa zima), la kawaida ni 34. Amplifaya sasa, msichukue ya gitaa la solo eti bei poa, ule uzi mnene wa E unashuka mpaka hezi 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde, sauti nzito sana), ukiongeza sauti spika unaiua. Chumbani wati 20 zinatosha, ila akiingia mpiga dramu husikiki.