Siku Moja Maishani Mwangu: Mfumo wa Stoo na Mauzo, Saa kwa Saa

Saa 12:30 asubuhi. Mimi ndiye msimamizi wa mfumo wa kompyuta wa stoo na mauzo. Stoo haijafunguliwa. Naanza na kumbukumbu za kazi za usiku: je, mauzo ya jana yameingia leja (daftari kuu la hesabu), bei mpya zimefika kwenye mashine za makeshia, na nakala ya akiba ya hifadhidata imechukuliwa? Kwa nakala, neno “imekamilika” halitoshi. Natazama na ukubwa wa faili. Kama jana lilikuwa GB 38 na leo ni GB 2, kuna kitu kimeachwa. Kila mwezi tunairudisha nakala moja kwenye seva ya majaribio, maana hakuna njia nyingine ya kujua kama inafunguka.

Saa 2:00. Malori yanaanza kushusha, na hapa ndipo hitilafu nyingi za siku huzaliwa. Karani wa mapokezi hulinganisha karatasi mbili: oda ya ununuzi na hati ya kupokelea mzigo. Ankara hufuata baadaye kwa mhasibu, na hailipwi mpaka zote tatu zikubaliane kwa idadi na bei.

Kosa linalojirudia ni la kipimo. Zimekuja katoni 10 za vipande 24, yaani vipande 240. Karani anaandika 10, lakini kisanduku cha kipimo kimebaki “kipande”. Mfumo haulalamiki. Unachukua thamani ya mzigo mzima, unaigawa kwa 10, na gharama ya kipande inaruka mara 24. Kipande cha kumi na moja kikiuzwa, salio linakuwa hasi, na ripoti ya faida inaonyesha hasara kwenye bidhaa inayouzika vizuri.

Wengi hukimbilia kuongeza vipande 230 kwa marekebisho ya stoku. Usifanye hivyo. Pale mfumo unapotumia gharama ya wastani (thamani yote ya bidhaa ikigawanywa kwa idadi iliyopo), hivyo 230 vitaingia kwa ile gharama mbovu, na thamani ya stoo itavimba kupita kiasi. Batilisha mapokezi, yapokee upya kwa kipimo sahihi, kisha endesha hesabu mpya ya gharama kwa mauzo yaliyokwisha kupita. Kinga yake ni kuifanya skana isome msimbopau wa katoni: huo una namba yake, tofauti na ya kipande, na mfumo ukiufunga kwenye kipimo chake karani hana cha kuchagua.

Saa 4:30. Kuhesabu kwa zamu. Bidhaa chache zinazobeba thamani kubwa huhesabiwa kila wiki, nyingine kila robo mwaka. Mhesabuji hapewi idadi iliyomo kwenye mfumo. Akiiona, ataikuta hiyohiyo rafuni. Na mizigo isihamishwe wakati anahesabu, la sivyo tofauti atakayoleta ni ya muda, si ya mali.

Saa 6:00 mchana. Orodha ya kuagiza. Kanuni ni fupi: mauzo ya siku mara siku za kusubiri mzigo, jumlisha akiba ya tahadhari. Vipande 40 kwa siku, siku 6 za kusubiri, akiba 80: agiza salio likifika 320. Kinachoharibu ni bidhaa iliyokuwa imeisha rafuni. Mfumo unaziona siku hizo kama za mauzo sifuri, wastani unashuka, na oda inayofuata inakuwa ndogo kuliko mahitaji. Siku za rafu tupu ziondolewe kwenye wastani.

Saa 8:30. Ruhusa za watumiaji. Anayemsajili msambazaji haidhinishi malipo yake, hata ofisi ikiwa na watu watatu tu. Aliyeacha kazi hufungiwa akaunti siku hiyohiyo. Haifutwi, kwa sababu miamala yake lazima ibaki na jina lake. Nywila moja kwa makeshia wote ni kero yangu ya kudumu: fedha zikipungua, hakuna wa kuulizwa.

Saa 12:00 jioni. Kila keshia anahesabu fedha kabla ya kuona jumla ya mfumo, halafu ripoti ya kufungia inatolewa. Mauzo ya kadi na simu hulinganishwa kando, kwani muamala unaweza kukatika baada ya mteja kukatwa fedha na kabla risiti haijaandikwa.

Saa 2:00 usiku. Nahakikisha hakuna mashine iliyobaki wazi, kwa sababu muamala mmoja ulioning’inia unatosha kuzuia kufunga siku. Zikishafungwa zote, kazi za usiku zinaanza: leja kwanza, nakala ya akiba mwisho.